Konokono na panya: uzito mmoja, gharama mbili

Mchukue konokono wa nchi kavu mwenye gramu 20, umweke upande mmoja wa mizani. Upande wa pili mweke panya mdogo wa nyumbani, ambaye akikomaa naye hufika gramu 20 hivi. Mizani italala sawa, na karibu kila kitu kingine kitatofautiana. Moyo wa panya hudunda zaidi ya mara 500 kwa dakika. Wa konokono hudunda makumi machache tu, na baridi ikiingia hupungua zaidi. Panya akikosa chakula siku mbili tatu yuko karibu na kifo. Konokono anaweza kujifungia ndani ya gamba lake miezi mingi, kwa baadhi ya aina hata miaka, kisha akachomoza kichwa na kuendelea na safari.

Ukiuliza yupi kati yao ana mwili bora, wengi watamtaja panya bila kusita. Ana damu ya moto, ana mifupa, ana ubongo wa maana, na mbio anazo. Konokono anaonekana kama kazi iliyoachwa njiani. Nadhani swali lenyewe limeulizwa vibaya. Wote wawili wanakabiliwa na shida ileile: mwili mdogo uliojaa maji, ukiwa katikati ya hewa inayoupoza na kuukausha. Kila mmoja analipia shida hiyo kwa sarafu yake. Panya hulipa kwa chakula, konokono hulipa kwa maji. Ukiishika hesabu hiyo, tofauti nyingi zilizobaki zinaeleweka bila taabu.

Ukoo uliogawanyika zamani sana

Panya ni mamalia. Konokono ni moluska, yaani yuko ukoo mmoja na pweza, ngisi, chaza na kome. Babu yao wa pamoja aliishi baharini zaidi ya miaka milioni 550 iliyopita, kabla hajatokea mnyama yeyote mwenye mifupa. Tangu hapo kila ukoo umekwenda njia yake, na kila mmoja ulipanda nchi kavu kwa wakati wake. Konokono hakuwahi kuwa njiani kuelekea kuwa panya.

Umbali huo unaonekana waziwazi ukipasua miili yao. Kwa panya, ubongo uko ndani ya fuvu na uti wa neva unapita mgongoni, juu ya njia ya chakula. Kwa konokono, mafundo ya neva yamejipanga kama pete, na umio unapita ndani ya pete hiyo. Kila tonge la jani analomeza linapita katikati ya ubongo wake. Halafu, akiwa bado kiinitete, viungo vyake vya ndani hujipindua nusu mzunguko, ndiyo maana mkundu wake haupo nyuma kama tungetarajia, bali karibu na kichwa, kwenye ukingo wa gamba. Hapohapo pembeni kuna tundu la kupumulia, na ukimtazama kwa karibu akitembea utaliona likifunguka na kufumba taratibu. Nyuma ya tundu hilo kuna chumba chenye mishipa mingi kinachofanya kazi ya pafu.

Moto usiozimwa

Joto la mwili wa panya hukaa karibu nyuzi 37 za Selsiasi, usiku na mchana. Joto hilo halitoki juani. Seli zake hulitengeneza kwa kuunguza chakula. Tabu ni kwamba mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na nyama iliyomo, na ngozini ndiko joto linakoponyokea. Mwaka 1932 mwanasayansi Max Kleiber alionyesha kwamba matumizi ya nishati ya mnyama hayapandi sambamba na uzito: kadiri mnyama anavyokuwa mkubwa, ndivyo kila gramu ya mwili wake inavyotumia kidogo. Kwa kanuni hiyo, gramu moja ya panya hutumia nishati kama mara saba ya gramu moja ya binadamu.

Ndiyo maana panya wa gramu 20 hula gramu 3 hadi 5 za chakula kikavu kila siku. Mtu wa kilo 60 akila kwa kiwango hicho atahitaji kilo 9 hadi 15 kwa siku, na hapo maji bado. Panya hujitahidi kubana matumizi: ana manyoya, anatengeneza kiota, analala amejikunja, na kati ya mabega ana mafuta ya rangi ya kahawia ambayo kazi yake hasa ni kuungua ili yatoe joto, bila hata misuli kutetemeka. Njaa ikizidi, hukubali kushindwa kwa muda. Joto la mwili wake hushuka hadi chini ya nyuzi 31 kwa saa kadhaa, analegea kama amezimia, kisha anajipasha upya.

Gharama hii ndiyo inayoweka kikomo cha udogo wa mamalia. Kirukanjia aitwaye Suncus etruscus, mwenye gramu 2 hivi, ni miongoni mwa mamalia wadogo kabisa duniani. Moyo wake umewahi kupimwa ukidunda zaidi ya mara 1,500 kwa dakika, na maisha yake ni kutafuta wadudu bila kupumzika kwa muda mrefu. Mamalia mdogo zaidi ya huyo kwa kiasi kikubwa asingeweza kula haraka vya kutosha.

Konokono hana moto wa kuutunza. Joto lake ni joto la mahali alipo, basi. Akiwa ametulia, nishati anayotumia ni ndogo mara makumi kuliko ya panya wa uzito wake. Udogo haumpi shida ya joto: wapo konokono wa nchi kavu waliokomaa ambao gamba lao halifiki milimita 1, wanaoweza kupita kwenye tundu la sindano. Kwa upande wa ukubwa, anayeshikilia rekodi ni konokono wa Afrika Magharibi aliyeokotwa Sierra Leone mwaka 1976, ambaye gamba lake lilifika sentimita 27.3 na uzito gramu 900. Yaani kuna konokono mwenye uzito wa panya 45 wa nyumbani, na kuna wengine ambao panya angewakanyaga asijue.

Mwendo wa pole si mwendo wa bei nafuu

Hapa ndipo wengi hukosea, na mimi ndipo ninapoona utamu wa jambo lote. Tunadhani kwa kuwa konokono anakwenda taratibu, basi safari yake haimgharimu. Ukihesabu kwa saa, ni kweli. Ukihesabu kwa mita, mambo yanageuka.

Mwaka 1980 mwanabiolojia Mark Denny alichapisha vipimo alivyofanya kwa koa mkubwa wa manjano wa Amerika Kaskazini. Koa ni jamaa wa konokono asiye na gamba la nje, na wote hutembea kwa namna moja. Denny alikokotoa nishati inayohitajika kusogeza kila gramu ya mwili kwa umbali fulani, akailinganisha na wanyama wanaokimbia, wanaoruka na wanaoogelea. Kutambaa juu ya ute kulikuwa ghali kuliko mwendo wa aina nyingine yoyote uliokuwa umepimwa hadi wakati huo. Panya anayekimbia mita moja anatumia nishati kidogo kuliko koa wa uzito wake anayetambaa mita hiyohiyo.

Gharama hiyo haitokani hasa na misuli. Konokono ana mguu mmoja mpana, na chini yake mawimbi ya misuli hupita kutoka nyuma kwenda mbele. Mweke juu ya kioo, umtazame kwa chini: utaona mistari myeusi ikifuatana bila kukoma, huku mwili mzima ukiteleza kana kwamba hakuna kinachosogea. Kinachomgharimu ni ute. Sehemu kubwa ya ute ni maji, lakini ndani yake mna protini zilizofungamana na sukari, ambazo lazima mwili uzitengeneze kila mara. Ute huo una tabia ya ajabu. Ukisukumwa kidogo hukaa kama kitu kigumu. Ukisukumwa zaidi ya kiwango fulani huachia na kutiririka, halafu msukumo ukipungua hushika tena. Kwa hiyo sehemu ya mguu iliyotulia inagandamana na ardhi, na iliyo kwenye wimbi inateleza, kwa gundi ileile. Hivyo ndivyo kiumbe mwenye mguu mmoja anavyopanda ukuta na kutembea dari bila kudondoka. Ila ute ukishawekwa chini haurudi mwilini. Kila sentimita ni maji na protini vilivyoachwa barabarani.

Kasi yenyewe, tuitaje tu ili tumalize. Katika kijiji cha Congham, Uingereza, kuna mashindano ya mbio za konokono, na rekodi inayotajwa sana ni ya konokono aitwaye Archie, mwaka 1995: sentimita 33 kwa dakika 2. Hiyo ni chini kidogo ya milimita 3 kwa sekunde, na huyo ndiye bingwa.

Sasa tabia za konokono zinaanza kuwa na maana. Hutoka usiku na baada ya mvua, wakati hewa ina unyevu na ute haukauki upesi. Hapendi safari za bure. Mara nyingi hufuata njia iliyokwisha kupakwa ute na mwenzake, na uchunguzi wa konokono wa ufukweni umeonyesha kwamba anayepita juu ya njia ya zamani hutengeneza ute kidogo zaidi. Panya naye ana njia zake anazozirudia kandokando ya ukuta, lakini kwa sababu nyingine kabisa: anaogopa kuonekana, na anaijua njia kwa kugusa kwa sharubu zake.

Jangwani

Ukitaka kuona kila mmoja akilipa deni lake mpaka mwisho, wapeleke jangwani. Knut Schmidt-Nielsen, mtaalamu wa jinsi miili ya wanyama inavyofanya kazi, alifanya hivyo kwa pande zote mbili. Miaka ya 1940 alichunguza panya-kangaruu wa majangwa ya Marekani, mnyama mdogo anayeweza kuishi kwa mbegu kavu bila kunywa maji. Siri yake ni kwamba chakula kinapoungua mwilini hutoa maji. Gramu moja ya wanga hutoa zaidi ya nusu gramu. Maji hayo machache anayalinda kwelikweli. Figo zake hutoa mkojo mzito sana, pua yake hupoza hewa inayotoka ili mvuke ubaki ndani, na mchana kutwa anakaa shimoni.

Mwaka 1971 Schmidt-Nielsen na wenzake walichapisha habari za konokono mweupe wa jangwa la Negev, Sphincterochila boissieri. Huyu hachimbi shimo refu. Kiangazi anakaa juu ya ardhi, juani, mahali ambapo uso wa udongo hupita nyuzi 60. Gamba lake jeupe hurudisha sehemu kubwa mno ya mwanga unaolipiga. Mwenyewe hujivuta hadi mizunguko ya juu ya gamba na kuuacha mzunguko mkubwa wa chini ukiwa na hewa tupu, na hewa hiyo inamtenga na ardhi inayochoma. Kwa siku nzima ya kiangazi hupoteza karibu nusu miligramu ya maji. Kwa kiwango hicho, akiba aliyonayo mwilini inaweza kumfikisha miaka.

Panya-kangaruu hajawahi kufunga kazi. Kila usiku lazima atoke, ale, aunguze, apate maji. Konokono amefunga duka lote akasubiri mvua. Akiingia ndani huziba mlango kwa utando wa ute uliokauka, kwa baadhi ya aina ukiwa umeimarishwa kwa chokaa. Taka zake za naitrojeni huzitoa zaidi kama asidi ya yuriki, ambayo haihitaji maji mengi kama yurea ya mamalia.

Kisa kinachothibitisha uvumilivu huo kilitokea London. Mwaka 1846 gamba la konokono wa jangwani kutoka Misri liligundishwa kwenye kadi katika jumba la makumbusho la British Museum, kwa kudhaniwa kwamba mwenyewe alishakufa. Mwaka 1850 mtu aliona alama za ute kwenye kadi. Gamba lilipotiwa kwenye maji ya uvuguvugu, konokono akatoka. Hakuna panya, wa jangwani wala wa nyumbani, anayeweza kuvumilia hivyo.

Meno, damu na watoto

Jambo moja linawakutanisha kwa namna isiyotarajiwa: meno yasiyokoma kuota. Panya ana meno ya mbele yanayokua maisha yake yote, na kwa kuwa tabaka gumu liko upande wa mbele tu, upande wa nyuma huisha haraka zaidi na jino hubaki na makali. Konokono ana ulimi kama tupa, wenye safu kwa safu za meno madogo mno, maelfu kwa jumla. Safu za mbele zikichakaa hudondoka, na mpya zinasogea kutoka nyuma. Koo mbili zisizo na udugu wa karibu zimefikia jibu moja kwa tatizo la chakula kinachosugua.

Damu zao hazifanani. Panya hubeba oksijeni kwa himoglobini yenye madini ya chuma, ndani ya mishipa iliyofungwa, ikisukumwa na moyo wa vyumba vinne. Konokono hutumia himosianini yenye shaba, ambayo hugeuka buluu ikipata oksijeni, na damu yake humwagika kwenye nafasi kati ya viungo kabla ya kurudi kwenye moyo wa vyumba viwili. Kwa mwili usioharakisha, inatosha.

Kwenye uzazi, panya jike hubeba mimba siku 19 hadi 21, huzaa watoto sita hadi wanane hivi, kisha huwanyonyesha, yaani anaendelea kulipa kwa chakula, safari hii cha watu wengi. Konokono wengi wa nchi kavu ni huntha: kila mmoja ana viungo vya kike na vya kiume, na wakikutana wawili wote wanaweza kuondoka na mayai. Konokono mkubwa wa Afrika, Lissachatina fulica, hutaga mayai 100 na zaidi kwa mkupuo mmoja, huyafukia udongoni na kuondoka zake. Mtoto huanguliwa akiwa tayari na gamba dogo.

Na gamba hilo lina upande. Kwa aina nyingi hujisokota kwenda kulia. Mwaka 2016 Angus Davison wa Chuo Kikuu cha Nottingham alitangaza kwamba anamtafutia mwenza konokono wa bustani aliyeitwa Jeremy, ambaye gamba lake lilisokotwa kushoto, na kwa hiyo viungo vyake vya uzazi vilikuwa upande usiopatana na wa wenzake. Walipatikana wawili wa kushoto kama yeye, mmoja Uingereza na mwingine kisiwa cha Mallorca. Kwa kejeli ya maisha, hao wawili walianza kupandana wao kwa wao. Jeremy naye alipata watoto kabla hajafa Oktoba 2017. Wote walijisokota kulia.

Kisa hicho kinachekesha, ila chini yake kuna jambo zito. Panya pia ana kulia na kushoto: moyo umeelekea kushoto, ini kulia. Katika kiinitete cha panya, vinyweleo vya seli husukuma majimaji kuelekea kushoto, na jeni iitwayo Nodal huwaka upande huo. Mwaka 2009 wanasayansi Cristina Grande na Nipam Patel walionyesha kwamba konokono nao wanatumia Nodal: wanaojisokota kulia huiwasha kulia, wa kushoto huiwasha kushoto. Maana yake ni kwamba yule babu wa baharini huenda alikuwa tayari nayo, akaiacha iwe urithi wa wote wawili. Umbo la gamba na mahali ulipo moyo wa panya vinaamuliwa kwa chombo kimoja cha kale.

Mnyoo unaowahitaji wote wawili

Kuna kiumbe anayezijua hali hizi mbili za maisha kwa undani: mnyoo Angiostrongylus cantonensis, ulioelezwa mwaka 1935 kutoka kwa panya wa Guangzhou, China. Minyoo iliyokomaa huishi katika mishipa mikubwa ya damu ya mapafu ya panya wa aina kubwa kuliko yule mdogo wa nyumbani. Mayai huanguliwa mapafuni, lava (minyoo michanga) hupanda hadi kooni, humezwa, na kutoka na kinyesi. Konokono au koa hula kinyesi hicho, au lava hupenya mwilini mwake. Humo hukua hadi hatua inayoweza kuambukiza, kwa muda wa wiki mbili au zaidi kutegemea joto la mahali, kwa sababu ndani ya konokono mnyoo nao hauna joto lake isipokuwa la nje. Panya akimla konokono, lava husafiri hadi kwenye ubongo wake, hukua huko wiki kadhaa katika nyuzi 37 zisizobadilika, kisha hurudi mapafuni kutaga.

Binadamu akimeza lava, safari huishia njiani. Lava hufika kwenye utando wa ubongo na kufia huko, na mwili ukipambana nazo mtu hupata aina ya homa ya uti wa mgongo: kichwa kuuma vikali, shingo kukakamaa, kutapika, ngozi kuwasha au kuchoma. Wengi hupona, lakini kuna wanaopata madhara makubwa na hata kufa. Maambukizi huja kwa kula konokono ambaye hakuiva, au mboga mbichi zenye koa mdogo ambaye hakuonekana kati ya majani. Kwa hiyo majani ya mboga yatenganishwe moja moja na kuoshwa kwa maji yanayotiririka, konokono wa kuliwa achemshwe mpaka aive kabisa, na anayewaokota bustanini avae glavu au anawe mikono kwa sabuni mara amalizapo.